Shamba la Starehe

Manyoni ukisema unalima, swali la kwanza ni gunia ngapi. Alizeti ina jibu, mtama una jibu, uwele una jibu. Hata korosho, tangu watu waanze kuchukua mashamba kule Masigati, ina jibu refu lenye ekari na mikopo ndani yake. Mimi nilipomwambia mzee mmoja gulioni kwamba nalima stroberi, alifikiri kidogo, akauliza, "Ekari inatoa gunia ngapi?" Nikamwambia haijazwi kwenye gunia. "Debe?" Wala. "Sado basi?" Nikamjibu kwamba kwa sasa mavuno yote yanaenea kiganjani. Akavua kofia, akanipa pole.

Huku jembe si kitu cha kuchezea. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kuondoka Aprili, na baada ya hapo ni vumbi na upepo. Anayelima kwa starehe huonekana ana hela za kumwaga au ana jambo anaficha. Mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo watu wakachagua la pili.

Miche niliitoa Lushoto, kwenye baridi na ukungu, nikaipakata kwenye basi. Kondakta alitaka kuitoza nauli ya mtoto.

Mmea huu umezoea kupakatwa na watu wabishi. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja, mhandisi Amédée-François Frézier, aliyekuwa ametumwa kupeleleza ngome za Wahispania huko Chile, alirudi kwao na miche ya stroberi za huko zenye matunda makubwa. Safari ya meli ilikula karibu nusu mwaka, na maji ya kunywa yalikuwa ya kupimiana. Miche mitano ndiyo iliyofika hai, na miwili akampa yule aliyesimamia maji melini, kwa kumshukuru. Kisha ikaja kujulikana kwamba miche yenyewe ni mijike mitupu: majani tele, tunda hakuna, mpaka ilipopandwa jirani na stroberi za Amerika Kaskazini. Stroberi hizi za kisasa ni uzao wa ndoa hiyo, iliyofungwa Ulaya bila mshenga wala mahari.

Wangu wa kushukuriwa ni kijana wa mkokoteni wa punda. Yeye hataki mche, anataka hela na dumu tupu. Kiangazi kilipokolea akaniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, hivi nyumba ya watu wawili inakunywaje maji kushinda zizi?" Mke wangu alimsikia. Siku hiyohiyo akapitisha sheria kwamba maji ya kunawa yatumike mara mbili, kwanza na mtu, halafu na stroberi. Tangu hapo mgeni akikaribishwa ugali huongozwa kwanza mpaka bustanini, akainama juu ya tuta, akamiminiwa maji ya birika huku nikimwelekeza: "Sogea kushoto kidogo, huo mche wa mwisho haujapata." Wapo waliokula wakashiba na hawajarudi tena.

Jua la Septemba nalo lilikuja na lake. Majani yalianza kukauka pembeni, ukiligusa jani linavunjika. Nikachomeka fito, nikatundika juu yake chandarua chakavu. Haukupita muda mrefu, mwenyekiti wa kitongoji akabisha hodi.

"Mbukwenyi! Mwalimu, hicho chandarua ni cha serikali?"

"Nimenunua mwenyewe, mwenyekiti. Risiti ninayo."

Akainua pindo, akachungulia ndani, akakaa humo muda. "Kwa hiyo na hizi zinaumwa malaria?"

Jioni, pale bombani, wanafunzi walikuwa wanataka kujua kama stroberi zimeshapewa dawa ya mseto.

Tunda la kwanza lilipoanza kuiva nililiacha mtini usiku mmoja zaidi, kwa sababu upande wa chini ulikuwa bado mweupe. Jogoo wa jirani hakuona haja ya kusubiri. La pili nililivuna mapema, nikalikata kwa kisu mbele ya watoto waliotoka shule, ambao walikuwa wameshalipa jina: nyanya iliyoota vipele. Wakaonja kwa adabu. Mmoja akasema, "Mwalimu, lina maji," kisha akatia mkono mfukoni, akatoa makole ya porini, akanikaribisha. Kole lenyewe ni mbegu kubwa na nyama kiduchu ya kumung'unya. Hakuna aliyelinunulia dumu la maji wala kulitundikia chandarua. Vichaka vya kuelekea Itigi vimejaa mambo hayo, makole, furu, tundwa, yanajiivia yenyewe. Sitasema yalikuwa matamu kuliko stroberi. Nilishalipa nauli ya Lushoto.

Siku hizi bustanini kuna mforosadi, na wala sikuupanda. Moja ya zile fito, niliyopewa na rafiki aliyekuwa anapogoa mti wake, ilikunywa maji ya kunawa kimyakimya, ikachipua, ikapasua chandarua na kuendelea na safari. Stroberi zilizobaki sasa zinaishi chini ya kivuli chake. Matunda huanza mekundu, yakiiva yanakuwa meusi, na maji yake yakigusa nguo hayatoki. Hilo kuzumburu na kwezi hawalijui. Wao hula kwangu, wakashiba, wakaenda kupumzika kwenye kamba ya nguo ya jirani.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba uje uyaone matunda yako."

Yalikuwa kwenye mashati meupe ya shule, Jumapili jioni. Nikatazama, nikamjibu, "Mama, ndege hawana mwenyewe."

Hakusema kitu. Ila mbuzi wake walipopenya uani na kuonja majani ya mforosadi, wakawa hawataki kusikia habari ya majani mengine, akaja kuniomba vipandikizi. Akapanda mstari mzima mpakani. Mwaka huu miti yake imezaa kuliko wangu, na shati langu la kanisani limetoka kambani na madoa ya zambarau mgongo mzima. Nikalibeba hadi kwake, nikalikunjua mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "ndege hawana mwenyewe." Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni ya mche, akanitoza mia tano.