Namna ya Kuunga Video ya Harusi ya Lamu Bila Kususiwa na Mtaa

Kwanza, usikate chochote. Kunywa kahawa, maana ndugu wa bi harusi watakuja kukufundisha kazi kabla hujawasha kompyuta.

Wakishaondoka, anza na bahari. Bwana harusi anatoka Pate kwa boti. Ulimpiga picha akipanda, maji yamejaa. Shoti ya uso ikaharibika, mkairudia saa sita baadaye. Unga vipande hivyo uone: mguu uko majini, uso uko juu ya matope, na mikoko nyuma imetoa mizizi yote nje. Mtazamaji wa Nairobi hatang'amua. Mzee wa barazani Mkomani atang'amua, tena kwa sauti. Dawa yake ni kutia punda katikati.

Punda usimdharau. Miaka mia hivi iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji usioonyesha lolote, akauunga na bakuli la supu, kisha na jeneza. Watu wakaisifu njaa yake, wakausifu msiba wake. Uso ni uleule. Yeye alihitaji mwigizaji, wewe punda amesimama mlangoni bure. Mweke baada ya sinia la pilau: ana njaa. Baada ya hotuba ya mjomba: amechoka. Baada ya mahari kutajwa: ndiye baba mtu. (Hiki kifute kabla ya kukabidhi kazi.)

Boti iliyoelekea kulia iendelee kulia. Ukihamia ng'ambo ya mkondo wa Mkanda na kamera safari ikiwa katikati, bwana harusi ataonekana anarudi kwao, na wapo watakaofurahi.

Kwenye kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, kata fimbo ikiwa hewani, itue kwenye kipande kinachofuata. Jicho hufuata mwendo, mshono haliuoni.

Sasa kupamba, sherehe ya wanawake watupu. Humo mpiga picha ni mwanamke, na wewe mwanamume huruhusiwi kuona hata fremu moja. Utahariri kwa masikio. Dada yako akae mbele ya skrini, wewe ugeukie ukuta, usikilize vigelegele. Vikianza kupungua, sema "Kata!", na ngoma ya kipande kijacho iingie kabla ya picha yake.

"Kaka, hapa shangazi anapiga miayo."

"Mfunike. Tia punda."

"Kwenye kupamba? Punda wako wote ni madume!"