Kamera ya Mfukoni Haichaguliwi kwa Stika

Mfyuuu! Eti megapikseli 64. Eti 88! Stika ya dhahabu imebandikwa mbele ya kamera ya plastiki isiyo na jina la kueleweka, na kijana wa watu yuko kwenye meza ya muuzaji pale Kariakoo anahesabu noti alizodunduliza mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia aiwashe kwanza. Hakuna aliyemwambia aingie nayo kwenye kona yenye giza apige picha mbili tatu.

Jamani, hili linaniuma, kwa sababu picha anazozitaka ni za maana: bibi yake kijijini, mtoto anayeanza darasa la kwanza, safari ya treni kwenda Kigoma. Zile kamera za stika ndani mwake mna sensa ndogo ya daraja la simu ya bei ya chini. Sensa ndiyo kile kibapa kilichokaa nyuma ya lenzi kupokea mwanga, kazi iliyokuwa ya mkanda enzi zile za picha 36. Ikishapokea vidoti vyake halali, programu inaitanua picha na kuchomeka katikati vidoti vya kubuni ambavyo lenzi haikuviona. Jumla ya hivyo vyote ndiyo wanayoiandika kwenye boksi. Faili linakuwa kubwa, kadi inajaa upesi, na uso wa bibi unatoka hauna hata kunyanzi moja.

Na hata vingekuwa vidoti vya kweli, vingi hivyo vya nini? Picha ya ukubwa wa A4, ile ya kutia kwenye fremu na kutundika sebuleni, ikisafishwa kwa vidoti 300 kwa kila inchi inahitaji 2480 kwa 3508. Zidisheni wenyewe: haifiki megapikseli 9. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inakandamizwa, inashuka zaidi ya hapo. OM System walipotoa kamera yao ya Tough TG-7 mwaka 2023, kamera ya kuzama nayo baharini hadi mita 15, waliiwekea megapikseli 12. Hawakushindwa kuongeza namba. Sensa yake ni ndogo, na wao wanaijua.

Ukubwa wa sensa ndio wa kuulizwa kabla ya kitu kingine chochote. Chukueni mfano wa ubao wa drafti. Vizibo vya soda vinakaa kwa sababu kila kisanduku kina nafasi yake. Sasa chora visanduku hivyohivyo 64 juu ya kiberiti, halafu uniambie kizibo utakiweka wapi. Kamera nyingi ndogo za kawaida zina sensa inayoitwa 1/2.3, takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Ya juu yake inaitwa ya inchi moja, na usije ukachukua rula ukadhani umeibiwa: ni milimita 13.2 kwa 8.8, maana hesabu hiyo ya inchi imerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani. Eneo lake ni mara nne ya ile ndogo. Halafu kuna APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, ambayo eneo lake ni kama mara 13. Tofauti utaiona usiku Forodhani kwenye taa za wauza urojo, au ndani ya ukumbi wa harusi taa zikishapunguzwa. Sensa ndogo itakuletea chenga, au itachelewesha shata mpaka kila anayecheza awe na mikono minne.

Dogo hapa ananikatiza: “Mzee, simu yangu si inatosha?” Mdogo wangu, inaweza kutosha, sitakudanganya. Simu nzuri za siku hizi zina sensa kubwa kuliko hiyo ya 1/2.3, tena programu zake zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha kuwa moja. Ukiwa na simu ya namna hiyo, kisha ukanunua kamera yenye sensa ya 1/2.3, unachonunua ni lenzi ya kuvuta mbali tu. Jioni ikiingia simu itaipiku. Kwa hiyo ama ununue ya inchi moja kwenda juu, ama utunze hela yako.

Ila simu yako ndiyo pochi yako pia. M-Pesa imo humo, benki imo humo, picha ya kitambulisho imo humo. Ukiinyanyua kituo cha daladala ukamlenga mchuuzi wa machungwa, mkwapuzi akipita nayo haondoki na picha peke yake. Kamera unaivaa mkononi kwa kikamba chake, haina salio, wala haipigiwi simu pale bwana harusi anapovishwa pete.

Ninachosonya zaidi ni mwanga wa kwetu, kwa sababu wauzaji hawaugusii hata kidogo. Kamera haijui inamwangalia nani. Inapima mwanga unaorudi kutoka mbele yake, kisha inachukulia kwamba ukivichanganya vyote vilivyomo utapata kijivu cha katikati. Sasa bwana harusi asimame na kanzu nyeupe na kofia yake, nyuma yake ukuta wa chokaa. Kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso wa mtu mweusi unazama, macho hayaonekani. Waje dada zake wajipange na mabuibui, kamera inadhani kuna giza, inaongeza, na nyuso zao zinatoka zimebabuka, zina weupe wasio nao. Nawajua watu waliokaa miaka wakiamini kwamba wao hawatoki vizuri kwenye picha, wakajizoeza kusimama nyuma ya wenzao. Ngozi haina kosa! Kosa ni la mpiga picha aliyeiachia mashine iamue.

Dawa yake ni ile alama ya kujumlisha na kutoa. Kanzu zimejaa kwenye kioo, peleka +1. Mabuibui yamejaa, rudisha -1. Tazama, rekebisha kidogo, piga tena. Ndiyo maana nikipewa kamera mpya mkononi kitu cha kwanza ninachotafuta ni hicho. Canon G7 X Mark III na Fujifilm X100VI zina gurudumu lake hapo juu kabisa, kidole gumba kinalifikia bila kuangalia. Kamera ambayo lazima uingie menyu ndani ya menyu kwa ajili ya jambo hili, wakati mtu anakusubiri ametabasamu, mimi siitaki.

Halafu ije saa saba mchana. Jua liko utosini, kofia na ushungi vinatia kivuli machoni. Hapo unawasha flashi. Mchana kweupe, ndiyo, na watakaokushangaa waache washangae. Kamera nyingi nzuri za mfukoni zina shata iliyomo ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo flashi inafanya kazi hata shata ikiwa ya kasi sana. Kamera kubwa nyingi za kubadilisha lenzi kwa kawaida hukwama kwenye 1/200 au 1/250 ya sekunde. Kivuli machoni kinatoka, na bahari nyuma inabaki na rangi yake. Kitaa cha simu hakina nguvu hiyo. Na kioo cha nyuma kwenye jua hilo hakisomeki, unapiga kwa kubahatisha, labda kamera yako iwe na kitundu cha kuchungulia.

Basi mkinibana nitaje moja, nataja Sony RX100 Mark III ya mwaka 2014, iliyotumika lakini ikatunzwa. Sensa ya inchi moja, flashi inachomoza, kitundu cha kuchungulia kinachomoza, uzito kama gramu 290, inaingia mfuko wa suruali. Lenzi yake, kwa hesabu ya milimita za kamera za mkanda, inaanza na upana wa 24 inaishia 70, na tundu lake la kupitisha mwanga ni f/1.8 hadi f/2.8. Namba ndogo ndiyo tundu kubwa, hiyo mkiishika mtakuwa mmeshika nusu ya elimu hii. RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, nayo inaanza na f/1.8, lakini ukiivuta mpaka mwisho inabaki f/4.9, yaani mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara saba. Mark VI ya 2018 na Mark VII ya 2019 zinavuta hadi 200, ila zinaanzia f/2.8. Wamekupa umbali, wamekunyang'anya mwanga. Anayepiga watu jioni asizikimbilie kwa sababu tu namba ya Kirumi ni kubwa.

Hiyo G7 X Mark III, ya mwaka 2019, ni kamera nzuri, inavuta hadi 100 na tundu bado liko f/2.8. Haina kitundu cha kuchungulia. Na vijana wa TikTok wameifanya itafutwe mpaka bei ikapanda, kama walivyoifanyia Fujifilm X100V. Mrithi wake, X100VI ya 2024, ina sensa ya APS-C na picha zake zinapendeza kweli, lakini ni gramu 521. Hiyo ni ya kuvaa shingoni, na kila mtu mtaani anaiona. Ricoh GR III ndiyo ya ajabu: APS-C ndani ya mwili wa gramu 257. Anayependa kupiga mitaa, anayejua kusogea kwa miguu yake badala ya kuvuta lenzi, namheshimu akiichagua. Ina upana mmoja tu wa 28, haina flashi ndani yake, haina kitundu, na betri ikijaa inatoa kama picha 200. Kwa mtu anayeanza, mwenye shughuli za ukoo kila mwisho wa wiki, itamtesa.

Wa kwenda mbugani ana shida nyingine. Ukipanda basi la Iringa kutoka Dar unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na tembo unaweza kumwona kando ya lami. Hapo hata 200 inatosha. Ukitaka simba aliyelala mbali, iko Panasonic Lumix TZ200 ya mwaka 2018, sensa ya inchi moja, inavuta hadi 360. Lakini huko mwisho tundu linakuwa f/6.4, na simba wana tabia ya kuamka jua likishazama. Ndege wadogo wasahau kabisa, hakuna kamera ya mfukoni inayowaweza sawasawa. Na ile zumu ya dijitali izime siku ya kwanza. Inakata picha pembeni na kuitanua, mchezo uleule wa stika.

Vumbi, chumvi na mvuke ndivyo vinavyoziua kamera za kwetu. Lenzi inayotoka na kurudi ndani ikitoka kwenye vumbi jekundu la Tsavo inarudi nalo, na kamera hizi huwezi kuvua lenzi ukapuliza mwenyewe. Itakupasa umtafute fundi, na mafundi wanaozijua si wengi. Mfuko mdogo wa nailoni wenye kufungika vizuri unaokoa mengi. Ukishuka kwenye basi la kiyoyozi ukaingia joto la Tanga au Mombasa, iache kamera ndani ya begi kwa nusu saa hivi, la sivyo lenzi inapata mvuke papo hapo. Nyumbani pwani itunze kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana unyevu ukikaa ndani ya lenzi unaotesha ukungu, na ukungu wa lenzi hautoki kwa kufuta.

Ukienda kununua iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, nenda na kadi yako na betri iliyojaa. Washa, zima, washa. Sikiliza lenzi inavyotoka, ikikwaruza, iache. Ivute mpaka mwisho. Weka tundu dogo kabisa inaloruhusu, piga ukuta mweupe au anga, halafu ikuze picha kwenye kioo: madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya sensa. Ingia kwenye menyu ya lugha. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hapo hutabadilisha. Uliza betri yake inaitwaje na kama zinapatikana, kwa sababu moja haikutoshi safarini. Angalia pia waya wa kuchajia: GR III na G7 X Mark III zinatumia USB-C, RX100 hizo nilizozitaja zina ile Micro-USB ya zamani, kwa hiyo waya wake ubebe.

Muuzaji akikuzuia kuiwasha, mrudishie kwa adabu na uondoke. Maduka yapo.

Na kadi usiichukue ya kupewa juu kama zawadi. Kadi feki iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na GB 8 ndani, na inapokea picha zote bila kulalamika huku ikifuta au kuharibu nyingine. Ijaze yote nyumbani kabla hujasafiri, kisha fungua faili moja moja kwenye kompyuta. Zisipofunguka, irudishe siku hiyohiyo, risiti mkononi.