Waraka kwa Mwenye Farasi: Juu ya Matandiko

Kwa Bwana mwenye mabanda, Karen, Nairobi.

Nakuandikia kwa heshima, na kwa ajili ya farasi wako ambao hawana njia ya kukulalamikia.

Jumamosi ulituonyesha tandiko jipya la ngozi kutoka Uingereza. Ni zuri, nasi tulilisifu kwa moyo. Lakini Kiswahili huyaita matandiko yale ya mgongoni mwa farasi, na huyaita hivyohivyo yale anayolalia. Ya mgongoni huyavaa kitambo kidogo kwa siku. Ya chini huyakanyaga usiku kucha, na hayo ndiyo uliyoamuru yapunguzwe.

Uliagiza unga wa mbao badala ya maranda kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ukimwagwa unapendeza macho. Njoo basi saa kumi na moja alfajiri, kabla hatujafungua milango, uiname mpaka pale farasi anapokula majani yake. Macho yatakuwasha. Ile ni amonia, itokayo kwenye mkojo ukishaanza kuoza, na huwa kali zaidi karibu na sakafu. Farasi hapumui kwa mdomo, anavuta kwa pua peke yake. Yule jike wako mwekundu ana ute wa rangi ya mbao puani, na anakohoa kila anapoanza kukimbia. Ulituambia ni mafua. Bwana, mafua hayakai miezi miwili.

Tena halali. Ni kweli farasi husinzia akiwa wima, lakini usingizi mzito haupati mpaka ajilaze, na mnyama wa kilo 450 hajilazi ovyo penye unyevu na saruji. Jana nilitia mkono katikati ya banda lake: vidole viligusa sakafu kabla kifundo cha mkono hakijazama, navyo vikatoka vimelowa. Farasi aliyekosa kulala siku nyingi hukunjika miguu ya mbele akisinzia, akaanguka. Jike huyo tayari ana michubuko magotini.

Umeuliza tutumie nini. Maranda makubwa ya msonobari, makavu, yaliyopepetwa vumbi. Lakini mwenye kiwanda aulizwe ni mbao gani, na kama zilitiwa dawa ya mchwa. Swali hilo si la kupuuzwa: Marekani, maranda ya mjozi mweusi huwavimbisha farasi miguu na kuwaumiza kwato ndani ya siku moja. Mabua ya ngano ya Narok nayo ni mazuri, yana joto na mkojo hupenya chini, ila yasiwe na ukungu, na farasi mlafi atayala. Makapi ya mpunga ya Mwea hayanyonyi maji vya kutosha.

Chochote utakachochagua, kiwe kinene, na palipolowa paondolewe kila siku. Kazi hiyo ni yetu masaisi, na hatuikimbii. Ila hatuwezi kuifanya kwa magunia mawili kwa juma.

Ukisema fedha hazitoshi, nitaamini siku lile tandiko litakapouzwa.

Naomba maranda yafike kabla ya Jumatatu. Tutaanza na banda la yule jike.

Wako mtiifu,
Saisi wako