Simu Janja ya Uzeeni na Bando Lake

Mtu mzima mwenye kitochi hanunui simu janja kwa sababu kaipenda. Huinunua kwa kuchoka kupitwa. Kikao cha harusi ya mpwa wake kimeitishwa wasapu, ahadi za michango zimeorodheshwa wasapu, jina lake limo kwenye orodha pamoja na kiasi ambacho yeye hakukitaja, na kadi ya mwaliko, ambayo zamani ililetwa mkononi na kijana aliyeamkia kwanza, siku hizi ni picha yenye kimraba cha madoadoa kinachosomwa kwa kamera mlangoni mwa ukumbi. Anachopata yeye ni ujumbe mfupi: "Shikamoo baba mkubwa, kadi nimekurushia." Imerushwa kweli, ila kitochi hakidaki picha.

Kitochi chenyewe hakina kosa. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, ikauzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na wazee wengi wa Tanzania bado wanaipima kila simu kwa kipimo chake: chaji ikae siku kadhaa, ikianguka iokotwe tu, umeme ukikatika imulike njia ya chooni. Kwa kipimo hicho simu janja inafeli masomo yote matatu. Chaji yake ni ya kutwa moja, pengine mbili kwa asiyeigusa sana. Ikianguka vibaya, fundi amepata kazi. Na tochi imo, lakini kuipata kunahitaji miwani, na miwani ndiyo iliyokuwa inatafutwa kwa tochi.

Njia ya kwanza ya kuipata simu janja ni urithi. Katika mila karibu zote mali hushuka: shamba na nyumba hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Simu janja hurithiwa kwenda juu. Kijana akinunua mpya, ile ya zamani humfikia mama ikiwa na ufa kwenye kona, picha elfu moja za watu asiowafahamu, na betri iliyochajiwa hadi ikachoka. Betri za lithiamu hupungua nguvu kila zinapochajiwa, na baada ya miaka mitatu ya kijana asiyelala, kilichobaki ni cha kumtosha mama hadi saa nne asubuhi. Kuna pia suala la akaunti. Simu ya Android ikifutwa kwa njia ya mkato, kwa kushikilia vitufe vya pembeni, ikiwaka hudai barua pepe na nywila ya mwenye simu wa zamani. Mwenyewe yuko Mwanza na nywila ameisahau. Urithi wa namna hii upokelewe baada ya mtoaji kuondoa akaunti yake kwa mikono yake mwenyewe, akiwa amekaa hapo hapo sebuleni. Liangaliwe pia toleo la mfumo: tangu Januari 2025 wasapu haifanyi kazi kwenye Android ya 4.4 kurudi nyuma, na simu ya aina hiyo itampa mama kila kitu isipokuwa kile alichoitakia.

Njia ya pili ni dukani, na kwa Dar es Salaam dukani ni Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na majirani zake. Kabla ya duka kuna winga, kijana asiye na duka wala simu ya kuuza ila anajua zilipo zote, na cha juu chake kimeshaingia kwenye bei kabla mteja hajaisikia. Winga hana ubaya kwa anayejua bei. Kwa asiyeijua ni gharama ya ziada inayotembea na kuita "mzee wangu". Mazungumzo ya dukani kwa kawaida huenda hivi:

"Mzee wangu, hii kamera yake megapikseli hamsini."

"Inapiga?"

"Inapiga, na mbele ina kamera nyingine ya selfi."

"Nauliza kupiga simu."

"Aa, inapiga, mzee."

"Na inasikika?"

Swali hilo la mwisho ndilo swali bora linaloulizwa Kariakoo siku nzima, na muuzaji hulijibu kwa kicheko. Lisijibiwe kwa maneno. Laini iwekwe, apigiwe mtu, na mazungumzo yafanyike palepale mlangoni, katikati ya mkokoteni, spika ya tangazo na honi ya bodaboda. Simu inayosikika hapo saa sita mchana itasikika popote. Mengine ya kutazama ni machache. Betri iwe ya mAh 5,000 au karibu na hapo. Kioo kiwe cha inchi sita na zaidi, maana macho huanza kugoma kusoma vya karibu kwenye miaka arobaini na hayajawahi kurudi nyuma. Nafasi ya kuhifadhi isipungue GB 64, kwa sababu kundi la ukoo litaijaza na video za mahafali. Megapikseli waachiwe wapiga picha.

Uhalali wa simu hukaguliwa kwa kubonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, na zifanane na zilizoandikwa kwenye boksi. Hili si la kupuuza: tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchini, na waliokuwa nazo wakabaki na vifaa vya kuangalizia saa. Risiti ya mashine idaiwe hata kama muuzaji ataguna.

Kuna huzuni moja ambayo hakuna muuzaji anayeitaja, nayo ni redio. Mzee aliyesikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa miaka arobaini anaifungua redio ya simu mpya na kukuta inamwomba achomeke waya wa masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena yake. Simu nyingine hazina redio kabisa. Mjukuu atamwonyesha kwamba stesheni ileile inapatikana kwa intaneti, na atakuwa amesema kweli. Ila redio ya hewani ni bure, ya intaneti inakula bando, na mzee hulala ikiwa inanguruma.

Halafu vidole. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha NIDA na alama za vidole; ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Kidole kilichoshika jembe au kilichofua maisha yake yote kimesagika mistari, na mashine hukikataa kama hakijawahi kuzaliwa. Msajili husema, "Weka tena, haijashika." Mara nyingi ni kweli haijashika. Mara nyingine imeshika vizuri, na kinachosajiliwa ni laini ya pili ambayo mzee hataiona mpaka polisi wamuulize. Dawa yake ni kupiga *106# baada ya hapo na kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kidole hichohicho ndicho kinachopelekwa kwenye kioo. Kioo cha simu janja hakihisi nguvu, kinahisi umeme mdogo wa ngozi, kwa hiyo ngozi kavu na nene haisomeki vizuri hata ikikandamizwa vipi. Tena kukandamiza kwa muda mrefu ni amri nyingine kabisa. Bibi akibonyeza wasapu kwa bidii ya mtu anayebonyeza kengele ya hospitali, alama yake inanyanyuka, inahama, na akiachia vibaya inaondoka machoni. Ndipo ukoo mzima hupokea taarifa kwamba wasapu imeibiwa. Kulainisha kidole kidogo na kugusa kwa wepesi kunamaliza tatizo, lakini wepesi huo huchukua wiki.

Kupokea simu nako ni mtihani. Kitufe cha kijani kwenye simu nyingi hakibonyezwi, kinasukumwa juu au pembeni. Mama anakibonyeza, simu inaendelea kuita, anakibonyeza tena, inakatika. Binti anapiga mara ya pili na ya tatu, na kufikia ya nne ameshampigia kaka yake: "Mama hapokei." Kaka anampigia jirani, jirani anavaa kandambili mbio, na anamkuta mama ameketi kibarazani akiitukana simu kwa heshima. Ikija simu ya video ndiyo kabisa: mama anaiweka sikioni kama alivyofundishwa na dunia, na binti anazungumza kwa dakika kumi na sikio lililokuzwa kupita kiasi. Siku ya kwanza basi mwalimu asianze na programu. Aanze na kupokea na kukata, kisha aingie Mipangilio akuze maandishi na kupandisha sauti ya mlio hadi mwisho. Mwalimu mwenyewe kwa kawaida ana miaka kumi na tano, na kosa lake kubwa ni kusema "unabonyeza tu hapa" huku kidole chake kimeshapita hapo na kufika kwingine.

Bando ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu simu hununuliwa mara moja na bando halina siku ya mwisho kununuliwa. Huuzwa la siku, la wiki na la mwezi, peke yake au limechanganywa na dakika na SMS. Orodha yake hufunguliwa kwa namba inayoanza na nyota na kuishia na reli, na orodha hiyo haimsubiri mtu. Mzee akisoma chaguo la kwanza, akatafuta miwani, akafika chaguo la nne, muda umekwisha na anaanza tena na nyota. Akiharakisha anabonyeza tano badala ya nne na kujikuta ana mamia ya SMS za kuisha kesho, naye watu wa kuwaandikia hawafiki kumi.

Kisichoingia akilini kwa wengi ni kuisha kwa muda. Yuniti za umeme wa LUKU zikilipiwa hukaa kwenye mita hata mwenye nyumba akisafiri mwezi mzima. Bando la siku linakwenda na siku yake, liwe limetumika au halijaguswa. Baadhi ya mabando huruhusu kilichobaki kuvushwa, mradi jipya linunuliwe kabla la zamani halijafa. Jambo hili liulizwe mapema, maana halitangazwi kwa sauti ileile inayotangazia ofa. Kwa mtu mzima bando la siku ni hasara hata likiwa na bei ya kuvutia, kwa sababu humlazimisha kupambana na orodha ya nyota na reli kila kunapokucha. La wiki linafaa kwa majaribio. Matumizi yakishajulikana, la mwezi.

Na matumizi yajulikane kweli. Ujumbe wa maandishi wa wasapu haugharimu chochote cha kuhesabika. Simu ya sauti ya wasapu hula takriban nusu MB hadi MB 1 kwa dakika, ya video hula mara kadhaa ya hapo. Video ya YouTube kwa ubora wa kati humeza karibu nusu GB kwa saa, kwa hiyo mahubiri au mawaidha ya saa mbili ni GB 1 kabla ya sadaka. Mtu anayesema "mimi nasalimia tu" anaweza kutosheka na GB mbili tatu kwa mwezi, ila asiwe na kundi la ukoo. Kundi la ukoo huanza saa kumi na moja alfajiri na picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema", ambazo ni nyepesi na hazina madhara, kisha huja video ya jani linaloponya presha, na video hiyohiyo tena kutoka kwa shangazi, na tena kutoka kwa mchungaji. Wasapu ikiwa imeruhusiwa kwenye mipangilio yake huzipakua zote bila kuuliza. Mapakuzi hayo yafungwe ndani ya mipangilio ya wasapu yenyewe, programu zizuiwe kujisasisha kwa data, na kile kinachoitwa Kiokoa Data kiwashwe. Dakika tano za kazi hiyo huokoa zaidi ya ofa yoyote. Mzee naye atajifunza kusambaza, na akikuta video iliyozunguka sana inakataa kwenda kwa zaidi ya mtu mmoja kwa mpigo, simu haijaharibika. Wasapu yenyewe iliweka kizuizi hicho Aprili 2020.

Mwisho ni wezi. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" unawafikia wenye vitochi pia, lakini simu janja imewaongezea matapeli picha ya wasifu ya mwanao na sauti ya huruma. Huduma kwa wateja halali hupiga kwa namba 100, wala haiulizi namba ya siri. Namba ya tapeli huripotiwa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Wazee wengi wamebuni kinga yao bila kufundishwa: laini yenye pesa imebaki kwenye kitochi ndani ya kanga au mfuko wa koti, na simu janja imepewa laini ya salamu. Vijana huwacheka. Wazee wako sahihi, na kitochi kisitupwe.

Na wewe mjukuu uliyepewa kazi ya kumfundisha bibi: namba yake ya siri aibonyeze mwenyewe, hata ikichukua mpaka Magharibi, nawe utazame pembeni.