Ndugu Waandaaji, Nimehamasika

Kwa Waandaaji wa Kongamano la Mawazo,
Dar es Salaam.

YAH: SHUKRANI

Itifaki imezingatiwa.

Naandika kuwashukuru kwa kongamano lenu la juzi pale hotelini. Tiketi ya laki na nusu si hela kwa mtu anayeambiwa, kabla hata hajakaa vizuri kitini, kwamba umaskini uko kichwani. Wangu nimeukagua: uko mfukoni, tena ulianzia pale mlangoni kwenu.

Mmejitahidi kuwaiga TED, wale wa makongamano ya mawazo walioanzia Monterey, California, mwaka 1984. Zulia jekundu la duara lilikuwepo. Kipaza sauti cha shavuni kilikuwepo. Saa ya kuhesabu dakika 18 nayo ilikuwepo, ikamkatisha mama mfuga nyuki ambaye ndio kwanza alikuwa anafika kwenye asali. Kisha akaingia mgeni rasmi kufungua kongamano lililokwisha kufunguka tangu saa tatu, na saa ikazimwa kwa heshima. Hapo nikaelewa: dakika 18 ni za wenye mawazo. Wenye vyeo wana muda wao.

Tukaamriwa kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni simba!" Jirani yangu anauza vipuri vya bajaji Kariakoo. Nikamwambia. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama chai imo kwenye tiketi.

Hao mnaowaiga walishafika kwetu. Juni 2007 walikutana Arusha, na jukwaani akapanda kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyeacha shule kwa kukosa ada, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti, akawasha taa kwao. Aliongea dakika chache tu, Kiingereza kikimpiga chenga. Kwenye mkutano huohuo mwandishi wa Uganda, Andrew Mwenda, aliponda misaada ya kigeni mpaka mwanamuziki Bono akapaza sauti kumpinga kutoka kwenye viti. Utovu wa nidhamu ulioje!

Kwenu mambo yalikwenda kistaarabu. Hakuna aliyepinga kitu na, ukimtoa yule mama wa nyuki, hakuna aliyeonyesha kitu. Mzungumzaji mkuu alitusimulia alivyokwenda shule pekupeku, akafilisika, akalala stendi, akaibuka tajiri. Kati ya stendi na utajiri kuna kipande nilikipoteza, nikanyoosha mkono kuuliza biashara yake hasa ni ipi. Mshereheshaji akasema maswali yanapunguza nguvu ya ukumbi. Wakati wa kutoka nikaiona biashara yenyewe imepangwa mezani: kitabu, elfu thelathini, na ukinunua viwili unapiga naye picha bure.

Kwa mwakani, ninaomba yule mama arudi amalizie. Tulikuwa wengi tuliotaka kujua mizinga anainunua wapi na asali anamuuzia nani.

Mimi pia naomba nafasi ya kuzungumza. Mada yangu ni ndogo: mlangoni niliomba risiti ya EFD, ile ya kodi, binti wa tiketi akaniambia, huku akitabasamu, niachane na mtazamo hasi. Hilo naweza kulimaliza ndani ya dakika 18. Mkinialika kama mgeni rasmi, nitalizungumza mpaka magharibi.

Wenu katika ndoto,
Mshiriki, kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo.