Usimchague wa Kwenu: Mwongozo wa Kumtambua Mshindi wa Mieleka Juba

Siku ya mieleka mjini Juba kila mtu ni mtabiri. Wa bodaboda anayekupeleka uwanjani ana mshindi wake. Mama wa chai pale langoni ana wake. Askari anayekupapasa mifuko naye ana wake. Waulize sababu, watakupa jibu moja: "Huyo ni wa kwetu." Jamani, hiyo ni anwani tu! Anayetaka sababu, asome hapa.

Kwanza: wajue wanaokutana. Pambano linalojaza jukwaa ni la Wamundari na Wadinka wa Bor. Wamundari hutoka Terekeka, kaskazini ya Juba, ukingo wa magharibi wa Nile. Wadinka wa Bor hutoka Jonglei, ng'ambo ya pili ya mto. Wote ni wafugaji, wote huanza kukamatana wakiwa watoto wa kuchunga ndama, na wote wamezikana kwa sababu ya malisho na wizi wa ng'ombe. Mwaka 2016, huku Sudan Kusini ikiwa bado na majeraha ya vita vilivyoanza Desemba 2013, vijana wa majimbo mbalimbali walikutana Juba kwa mieleka ya amani. Hilo likae kichwani kabla hujafungua mdomo kutabiri. Watu hawa wangeweza kukutana kwa namna nyingine, na wamewahi.

Pili: usinunue majivu. Mwanamieleka huingia amejipaka majivu ya kinyesi cha ng'ombe kilichochomwa, yaleyale yanayomkinga na mbu kule kambi ya ng'ombe. Yakimkaa vizuri, hata mwembamba huonekana kama nguzo. Kiunoni ana ngozi, shingoni ana shanga, na nyuma yake kuna wimbo wa watu wake. Vyote ni vizuri na vyote vina heshima yake, ila hakuna hata kimoja kinachompiga mtu mweleka. Mtabiri anayekwambia "mwangalie alivyo" bila kukwambia uangalie wapi, mwache aendelee na karanga zake.

Tatu: tazama miguu. Hapa ndipo penye elimu yote. Siku moja niliketi karibu na mzee wa Bor aliyeishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili alichokipata huko hakijamwacha. Uwanjani aliingia kijana wa Bor, mabega mapana, jukwaa likalipuka. Mbele yake akasimama Mmundari mwembamba. Kijana mmoja nyuma yetu akasema yuko tayari kununua chai ya watu wote iwapo yule mkubwa ataanguka. Mzee akageuka polepole: "Mwanangu, anza kuhesabu vikombe."

Akaninong'oneza nitazame visigino. Yule mwembamba alikuwa ameinama, mikono mbele, uzito wote kwenye vidole vya miguu, visigino havigusi ardhi. Alipozunguka, mguu ulifuata mguu bila kukutana. Yule mkubwa alisimama kwa nyayo nzima, na kila alipokwenda kushoto alipitisha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Mara ya pili mwembamba alimgusa shingo tu, kama anayempima. Mara ya tatu, miguu ilipopishana, akazama chini, akakumbatia paja, akainua. Mtu mzito aliyepishanisha miguu hana pa kukanyaga. Vumbi lilipotulia, mkubwa alikuwa akitazama mbingu.

Basi kariri hivi: anayepishanisha miguu ataanguka, anayesimama kwa visigino atasukumwa, anayeinua kichwa ili asikie wimbo wake atakamatwa shingo.

Nne: fika mapema. Nenda wanakopasha mwili kabla ngoma hazijapamba moto. Nani anaubembeleza mguu mmoja? Nani anahema kabla ya kazi? Nani ameshapigana leo, na pambano lile lilimchosha kiasi gani? Uliza pia ametoka wapi. Kijana aliyetoka kambi ya ng'ombe juzi, aliyekuwa akinywa maziwa asubuhi na jioni, ana mwili tofauti na wa binamu yake aliyehamia mjini na kula mkate na chai. Jina kubwa la mwaka jana halionyeshi afya ya leo.

Tano: mwachie nafasi yule usiyemdhania. Wenzetu wa Uingereza wana mbio za farasi za kuruka viunzi, na mbio hizo ni ndugu wa mieleka yetu: huko nako swali la kwanza ni nani hataanguka. Mwaka 1967, katika Grand National pale Aintree, Liverpool, walikimbia farasi 44 kuruka viunzi 30. Farasi aitwaye Foinavon alikuwa nyuma, akilipa 100 kwa 1. Kwenye kiunzi cha 23, farasi aliyekwisha kumtupa mpandaji wake aliwakatia wenzake njia, wakagongana, wakasimama, wakaanguka. Foinavon, kwa kuwa alikuwa mbali, alipata muda wa kuona, akapita pembeni, akaruka, akashinda. Waliomdharau kwa kuwa nyuma hawakujua kwamba siku hiyo nyuma ndiko kulikokuwa salama.

Kwa nini tuende mbali? Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, timu yetu ya mpira wa kikapu ilikutana na Marekani. Watabiri wa kamari walitarajia tufungwe kwa zaidi ya pointi 40. Vijana wetu walikwenda mapumziko wakiongoza, na ilibidi LeBron James afunge zikiwa zimebaki sekunde chache ndipo Marekani ipone kwa 101 kwa 100. Juba haikulala! Siku 11 baadaye, kwenye Olimpiki, karibu na Lille, Wamarekani walishatusoma, wakashinda 103 kwa 86. Mtabiri mzuri hubeba yote mawili: mgeni asiyejulikana ni hatari, na akishajulikana, hesabu inabadilika. Yule Mmundari mwembamba akirudi msimu ujao, watu wa Bor watakuwa wamemtafutia dawa.

Sita: dau liwe chai. Ninaona vijana wa mjini wakishika simu na kuuza hata muda wao wa kesho kwa ajili ya mkeka mmoja wa kamari. Anayekuuzia "uhakika" anakuuzia moshi, kwa sababu angekuwa nao asingehitaji pesa zako. Ukiwa na lazima ya kuweka kitu, weka kikombe cha chai ya maziwa. Ukishinda, unakunywa. Ukishindwa, unakunywa na uliyemnunulia, na jioni watoto wako wanakula.

Saba: ukikosea, jua ulikosea wapi. Mara nyingi utagundua kwamba macho yaliona sawa ila moyo ukakataa. Uliona visigino, ukaona miguu inapishana, kisha ukasikia wimbo wa nyumbani na ukasahau. Ndiyo maana nasema usimchague wa kwenu kwa kuwa ni wa kwenu. Mpende, mwimbie hadi sauti ikauke, lakini ushindi mpe anayestahili. Nchi hii imelipa gharama kubwa kwa watu kuulizana kwao ni wapi kabla ya kuulizana wanajua nini.

Yule kijana wa nyuma yetu alinunua chai kweli, vikombe sita. Alipomfikia mzee alikuwa bado amekunja uso. "Mzee, wewe ni wa Bor. Ulimchagua vipi mtoto wa Wamundari?"

Mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akamwonyesha uwanjani, ambako wawili wengine walikuwa wameanza kuzungukana, na mmoja wao, wa Bor, alikuwa ameinua visigino kama paka.

"Keti hapa, mwanangu," akasema. "Huyu sasa ndiye. Tazama miguu."

Kijana akaketi.