Shikamoo, Mheshimiwa Jini

Mtu akisikia unatengeneza gemu, swali lake la kwanza ni moja tu: "Ina kupigana?" Ukimjibu kwamba haina, kwamba ni gemu ya hadithi, msichana mchota maji anaitwa kwenye kasri la majini wa chini ya bahari kumtafuta aliyeiba pete ya sultani, anakutazama kwa huruma, kisha anauliza kama zile barua za maombi ya kazi zimejibiwa.

Ramani ya kasri sikuitoa hewani. Niliichukua Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lile kasri la mawe ya matumbawe lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane na ngazi za kushukia baharini. Mtu wa njozi atake nini zaidi? Lakini binamu yangu, ambaye ndiye mchoraji, amekulia kwenye sinema. Kaniletea minara iliyochongoka na paa lililojaa theluji. Theluji, chini ya bahari, Kilwa! Nimemuuliza, kanijibu kwamba mimi sina ubunifu.

Na hapo sijafika kwenye kuandika. Gemu ya hadithi humwahidi mchezaji kitu kimoja: utachagua mwenyewe. Sawa. Chaguo moja la njia mbili linazaa hadithi mbili. Machaguo kumi, kila njia ikiachwa iende zake, yanazaa miisho 1,024, na mimi huo mmoja tu umenikaa kooni. Ndiyo maana waliotutangulia wana ujanja wao: njia zinaachana, mchezaji anavimba kichwa, halafu vyumba viwili mbele zote zinamrudisha kwenye ukumbi uleule, na programu inabaki inakumbuka tu kama alimtukana mpishi au hakumtukana. Unachagua, matokeo yalishaandikwa. Nazungumzia gemu, msinitafutie maneno.

Halafu kuna wajuaji. "Mbona Jordan Mechner alitengeneza Prince of Persia karibu yote peke yake?" Kweli, na ikatoka mwaka 1989. Ila Mechner alikuwa na mdogo wake aliyekubali kukimbia na kurukaruka mbele ya kamera, yeye akanakili miondoko ile picha kwa picha. Mimi wa kwangu nilimwomba apande ngazi tu nimrekodi kwa simu. Akauliza bei.

Hayo yote navumilia. Aliyenimaliza ni shangazi.

Nilimkabidhi kompyuta aijaribu gemu, kwa sababu wataalamu husema mpe mtu asiyejua chochote, ukae kimya umtazame. Akafika mlango wa kwanza wa kasri, akasimama. Namwambia bonyeza uingie. "Niingie bila hodi?" Hodi haikuwemo. Akasubiri, akasubiri, akamgeuza msichana wa watu kurudi kisimani. "Wenyewe hawapo."

Nikaweka hodi. Akaingia sebuleni, kuna mitungi. Kila mpenzi wa gemu duniani anajua kwamba mitungi ya watu hufunguliwa, ndani mna sarafu na funguo. Shangazi hakugusa hata mmoja. "Mgeni gani huyo anapekua vyombo vya watu? Halafu unasema anamtafuta mwizi!" Ufunguo wa ghorofa ya pili uko mtungini mpaka leo.

Tukaja kwa waziri. Msichana wangu akaanza moja kwa moja: "Nani aliingia chumba cha sultani usiku?" Shangazi akashika kifua. Hajaamkia! Kwa hiyo sasa kila mhusika lazima awe na umri ndani ya programu, ili ijulikane nani anampa nani shikamoo. Kwa binadamu ni hesabu nyepesi. Lakini kuna jini mtoto ana miaka 200, na kuna bibi mpishi, binadamu, ana 70. Nani amwamkie mwenzake? Nimekesha na swali hilo. Shangazi alilimaliza kabla chai haijapoa: mwenye mvi ndiye mkubwa. Haya, binamu anachora mvi, na anadai nyongeza.

Kuiuza nako kuna mlango wake. Duka la Steam linatoza dola 100 kwa kila gemu unayoingiza, unarudishiwa ikishafikisha mauzo ya dola 1,000, na katika mauzo kawaida linachukua asilimia 30. Dola 100 ninayo, ila iko kwa watu walionikopa.

Sasa nyinyi mnaonipigia simu mkitaka sura zenu ziwemo kasrini. Nafasi ya sultani imejaa, ya waziri imejaa, na binti mfalme hayumo kabisa. Zimebaki za walinzi wa getini. Mshahara hakuna, na anayeomba aje na picha inayoonyesha mvi.